Samaki wa Harusi na Sanduku la Barafu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu ulipita salama. Nyumba ya mume wangu ilikuwa Chake Chake, upande wa Gombani, kuta za mawe na udongo, paa la makuti, na ndani yake tulikaa watu wanne: mimi, mume wangu, mama yake na dada yake mdogo. Mavyaa alikuwa mkali wa maneno lakini hakuwa mtu mbaya. Wifi tulilingana umri, tukapatana tangu siku ya mwanzo. Hofu iliingia nyumba ile mwaka wa pili, imebebwa na wanaume wanne, nayo ilikuwa nyeupe na nzito kama jiwe la kaburi.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Bwana mkubwa wake, Mzungu, alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na vile asivyoweza kusafiri navyo akawa anawaachia watu wa ofisini. Mmoja alipata meza, mwengine baskeli. Mume wangu akapata friza. Sisi hatukuwa na jina hilo wakati ule, tuliliita sanduku la barafu. Lilikuwa na kifuniko juu kama kasha la nguo, na chini yake, kwa nyuma, palikuwa na tangi dogo la mafuta ya taa, utambi wa mviringo na chemni fupi. Umeme hatukuwa nao. Sanduku lile lilikula mafuta ya taa na kutoa barafu, na hilo ndilo lililonishinda kulielewa.

Alikuja nalo mzee mmoja wa bara, mpishi wa yule Mzungu, aliyekuwa Pemba miaka mingi kuliko umri wangu. Aliombwa aje asubuhi moja tu anifundishe. Jambo la kwanza alitaka bakuli la maji, akaliweka juu ya kifuniko, akainama akalitazama kwa jicho moja. Kisha akakata kipande cha ubao akakisukuma chini ya mguu mmoja wa sanduku, akatazama tena.

"Likikaa upande haligandishi," alisema. "Ndani ya mabomba mna dawa. Moto unaipandisha, na ikishuka inaondoka na joto la ndani."

"Sasa mzee wangu, moto unaleta baridi vipi?"

Alicheka. "Mwanangu, nimekaa nalo miaka saba na bado sijui vizuri. Lakini najua linavyotaka. Wewe nisikilize."

Nikamsikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano unatoa masizi, masizi yakiziba bomba la moshi baridi inapungua kidogo kidogo, wala hutojua mpaka umeharibikiwa. Utambi ukatwe kila juma, sawasawa pande zote. Kifuniko kisifunguliwe ovyo. Chakula cha moto kisitiwe. Vitu vingi visitiwe kwa pamoja, maana sanduku linachoka kama mtu. Ukungu wa barafu ukijaa kwenye kuta, uyeyushwe, usikwanguliwe kwa kisu.

"Na kilichoyeyuka," alimalizia, "usikirudishe. Kipike siku ile ile au kitupe. Barafu haifufui kitu, mwanangu. Inakizuia pale pale kilipo tu."

Tangu siku ile sikuwa na raha. Kila nikiamka, kabla sijanawa uso, nilikwenda nyuma ya sanduku nikapiga magoti, shavu karibu na sakafu, nitazame rangi ya moto. Upepo ukivuma nilikimbilia kufunga dirisha. Nikiwa kisimani nilidhani nasikia harufu ya moshi. Mume wangu alipenda kuonesha wageni barafu. Aliitia kwenye maji ya ndimu na kuwatazama wakishtuka meno. Mimi nilikuwa nikitabasamu huku nahesabu kimoyomoyo kifuniko kimeachwa wazi kwa muda gani.

Mavyaa hakulipenda hata siku moja. Alipita mbali nalo, kama mtu apitavyo mbali na mbwa aliyefungwa. Sebule yetu ilikuwa ndogo, na sanduku lilikaa ukutani, upande wa pili wa chumba chake na binti yake.

"Samaki wa leo huliwa leo," aliniambia siku moja niliposaza vipande viwili nikavitia ndani. "Wakizidi hupewa jirani. Hino ya kumfungia samaki sandukuni mie siijui. Na moto wenyewe haulali. Nyumba ya makuti, ntu anaweka moto usiolala!"

Nilidhani ni maneno ya watu wazima tu. Sikumuuliza kitu.

Basi wifi akaposwa. Au niseme, alikuwa ameposwa zamani, kabla mambo hayajaharibika, na sasa siku ya harusi ilikuwa inakaribia. Zilikuwa siku za siasa, za chama hiki na chama kile. Aliyeishi Pemba miaka ile hahitaji kuelezwa, na ambaye hakuwepo nitamwambia hivi tu: watu waliosali safu moja waliacha kusalimiana, wengine waliacha kuzikana. Dukani kwa fulani hakununuliwi kwa sababu ya upande wake. Mume aliweza kumwacha mke kwa sababu ya upande wa baba yake. Na bwana harusi wetu alikuwa wa upande wa pili.

Wazee wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana kwamba posa ni posa, ahadi haivunjwi. Lakini kila mtu alikuwa anaitazama harusi ile. Wangapi watakuja, watakaa wapi, watakula au watanyoosha mikono kwa adabu na kuondoka na njaa. Mume wangu alisema, "Lazima wale, na wale vizuri. Mtu akishakula kwako hawezi kukutukana njiani."

Ndipo likaja shauri la sanduku. Mjomba wa mume wangu, kaka yake mavyaa, alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Fundo. Alikuwa akipata jodari na nguru wazuri, lakini hakuna aliyejua siku ya harusi bahari itatoa nini. Mume wangu akasema samaki waletwe mapema, kila wanapopatikana, tuwagandishe mpaka siku yenyewe. Nikalitazama sanduku.

"Bwana, sijawahi kuweka wengi hivyo."

"Mpishi si alikufundisha? Tia kidogo kidogo."

Kisha yeye akaitwa Unguja kwa kazi ya ofisi, siku kumi na mbili. Aliondoka akaniachia samaki wa kulisha ukoo mzima, wengine ndani, wengine njiani.

Walikuja kwa gari ya abiria kutoka Wete, kwenye makapu yaliyofunikwa majani mabichi, bado macho yanang'aa. Niliwakata, nikawaosha, nikawatia leo karai moja, kesho karai moja, kama nilivyoambiwa. Niliacha nafasi pembeni kwa bakuli la bati lenye vipande vya barafu vilivyokwisha tolewa kwenye vyombo vyake, maana wifi alikuwa amewekwa ndani, anasingwa kwa manjano, na joto la chumbani lilimtesa. Nilikuwa nikimpelekea kipande kimoja kimoja akakinyonya. Siku ya tano sanduku lilijaa. Niliweka mkono juu ya nguru mmoja, akanijibu mgumu kama gogo. Kwa mara ya kwanza nikasema moyoni, labda nitaweza.

Siku ya pili yake ukaja ujumbe kutoka Pujini, kwetu. Shangazi yangu aliyenilea amefariki.

Sikuwa na njia ya kutokwenda. Nilivaa buibui, nikamchukua mavyaa mpaka nyuma ya sanduku, nikamwonesha. "Mama, moto ni huu. Ukiwa hivi hivi, usiuguse. Ukibadilika rangi au ukizimika, nitumie mtu Pujini, hata kama ni maziko. Tafadhali, mama."

Aliutazama moto ule muda mrefu. "Nenda kamzike shangazi yako," alisema. "Mungu atamsitiri."

Nilikaa Pujini siku tano, mpaka ilipokwisha hitima. Nilimlilia shangazi yangu, lakini Mungu anisamehe, kuna nyakati wenzangu walikuwa wakisoma na mimi nikawa naliona sanduku. Nilirudi kwa miguu, siku ya sita asubuhi, zimebaki siku tatu harusi. Wala sikuvua buibui. Nilipiga magoti nikatazama: moto wa buluu, mzuri, umetulia. Nikafungua kifuniko: samaki wagumu. Nikashukuru Mungu, nikachukua bakuli la bati nimpelekee wifi barafu.

Barafu haikuwa vipande tena. Ilikuwa bonge moja, laini juu kama kioo, imelichukua umbo la bakuli.

Nilisimama nalo mikononi mpaka vidole vikaniuma. Vipande vilivyokuwa mbalimbali haviwezi kuwa bonge moja ila kwanza viwe maji. Nikalirudisha, nikaanza kuangalia tena, safari hii kwa macho mengine. Samaki niliowapanga mmoja mmoja walikuwa wameshikana. Chini kabisa, maji ya damu yaliganda kama zulia. Jodari mmoja niliyemwacha mkia umepinda juu kwa kukosa nafasi, sasa mkia wake ulikuwa umelala.

Mavyaa alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mama," nilisema, "moto ulizimika?"

"Haujazimika."

"Hata mara moja?"

"Nimeshakwambia. Moto unauona, samaki unawaona. Wataka nini tena?"

"Barafu imeyeyuka ikaganda tena, mama. Na samaki pia. Hawafai."

Aliweka ungo chini. "Hawafai? Samaki wa ndugu yangu? Wagumu vile? Wanusa chochote?"

Kweli sikunusa chochote. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sikuwa na ushahidi ila bakuli la barafu na maneno ya mpishi. Nikamwambia maneno ya mpishi. Akasema mpishi wa Mzungu hawezi kumfundisha mtoto wa Fundo habari za samaki. Nikamwambia juu ya wageni. Nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu wifi alikuwa chumbani na ukuta ulikuwa mwembamba: "Mama, wale watu wakila kwetu wakaumwa, siku hizi, hakuna atakayesema samaki walikuwa wabovu. Watasema tumewapa sumu."

Nilimwona akibadilika uso. Lakini mtu akishasema jambo mbele ya mke wa mwanawe, kulirudisha ni kazi. Aliinuka, akaenda sandukuni mwenyewe, akatoa kipande cha jodari, akakiweka juani kwenye sinia kiyeyuke.

"Ntampika, na ntamla mie," alisema. "Nisipokufa, utanyamaza?"

Nilimsihi. Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Aliutoa mkono wake polepole, akaenda kuwasha jiko. Akampika kwa ndimu na nazi, na harufu yake ilikuwa nzuri hata nikajitilia shaka mwenyewe. Alikula peke yake jikoni, amenipa mgongo, kipande chote, akanawa.

Nilikaa kizingitini nikimtazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Alipanga vyombo. Alifagia jikoni. Nikaanza kusema moyoni, basi, nimekosea, nitamwomba radhi.

Kisha akapitisha ulimi kwenye midomo. "Mbona pilipili?" akauliza. Hakutia pilipili.

Baada ya muda mdogo uso wake ulianza kuwaka. Mavyaa alikuwa mweupe wa rangi, na wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni kama mtu aliyesuguliwa kwa upupu. Akashika kichwa. Akasema moyo unampiga. Nikauwekea mkono, nikausikia unakwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Akatapika hapo hapo uani, akanishika nguo, na macho yake hayakuwa tena ya mavyaa, yalikuwa ya mtoto.

"Wifi!" nilipiga kelele. "Toka ukae na mama!"

Bibi harusi haruhusiwi kutoka, lakini alitoka, na singo mwili mzima, manjano kuanzia kichwani. Mimi nikakimbia hospitali. Sijui nilipita wapi. Ninakumbuka tu kwamba njia nzima nilikuwa nasema, asife, asife, na katikati ya maneno hayo lilikuwemo jengine ambalo naona haya kulisema: watasema nimemuua mimi.

Dresa wa hospitali alikuja na baskeli yake, mimi namkimbilia nyuma. Alimpima mapigo, akamtazama mdomo, akauliza swali moja tu. "Amekula samaki gani?"

"Jodari," nikasema.

"Alikaa joto?"

Nilimtazama mavyaa, amelala mkekani macho yamefumbwa.

"Jodari na vibua wakikaa joto huwasha," dresa alisema, huku akitafuta vidonge mkobani. "Wengine hawanuki kabisa. Na samaki akishakuwa hivyo, moto wa jikoni hausaidii kitu. Hatokufa, inshallah. Maji kwa wingi, na alale. Wengine mmekula?"

"Hapana."

"Msile."

Nilimfuata mpaka nje. Nilimwomba asimwambie mtu, kwa ajili ya harusi. Alinitazama, naye alijua, kama kila mtu mjini, kwamba bwana harusi ni wa upande gani. "Mgonjwa wangu ni wangu," alisema, akapanda baskeli.

Ilipofika alasiri wekundu ulikuwa umepungua. Nilikuwa nikimpepea kwa kipepeo cha ukindu. Wifi amerudishwa ndani lakini mlango wake uko wazi, na tulikuwa tunamsikia anavyovuta pumzi.

"Nliuzima mie," mavyaa alisema.

Niliacha kupepea.

"Siku uliyokwenda Pujini. Nliupuliza mie mwenyewe." Alisema akitazama makuti. "Nlipokuwa mdogo, kule Fundo, nyumba yetu iliungua. Koroboi ilianguka tu. Tulitoka wote, ila mdogo wangu wa kike. Tukidhani katoka na mama, mama akidhani katoka na sie. Sasa weye hupo, mwanangu hupo, binti yangu kafungwa ndani, na nyuma ya ukuta wake moto unawaka. Sikuweza. Siku ya pili nkaona maji yanatiririka sakafuni. Nkajua nimeharibu. Nkauwasha tena, nkamaliza njiti za kibiriti. Siku mbili baadaye samaki wakawa wagumu. Nkasema, Mungu kanisitiri."

Nilitaka kumkasirikia, na ningeweza. Badala yake nikamwona yule mtoto wa kike aliyebaki ndani, ambaye sikuwahi kusikia habari zake kwa mwaka na nusu niliokaa katika nyumba ile.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mtu mzima huona haya," alisema.

Kutoka chumbani wifi akasema kwa sauti ya kulia, "Mimi sitaki hao samaki. Heri watu wale mbaazi harusini kwangu kuliko niolewe na matanga."

Basi jioni ile kabla ya magharibi nilichimba shimo nyuma ya jiko. Mavyaa hakuweza kusimama sawasawa, lakini alitoka akakaa juu ya kinu akawa ananitazama. Nilitoa samaki karai baada ya karai, nikawamwagia jivu na mafuta ya taa ili asije mtu wala paka kuwafukua. Nguru wale hata sijui kama walikuwa wabaya. Lakini walikuwa wameshiriki sanduku moja na jodari, na mimi sikuwa tayari kupima kwa roho ya mtu mwengine. Jirani mmoja alichungulia kwenye ua akauliza tunazika nini. Mavyaa akamjibu, "Uchafu wa jikoni."

Mume wangu aliteremka melini Mkoani siku moja kabla ya harusi. Nilikuwa nimeshapeleka habari Pujini, na baba yangu ameleta kuku aliowapata na gunia la mbaazi. Wanawake walikuwa wanakuna nazi uani. Mume wangu alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akafungua. Nikasikia kifuniko kinarudi chini kwa kishindo.

"Samaki wako wapi?"

"Waliyeyuka, bwana. Nikaogopa. Nimewazika."

"Wote?"

"Wote."

Alinivuta pembeni ya mlango. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. "Nilikuachia kitu kimoja," alisema. "Kimoja. Kesho watu wale watakuja hapa, na nitawawekea nini? Mbaazi? Watasema tumewadharau."

Nilimwona mavyaa nyuma yake, ungo mkononi, mchele umesimama. Nilingoja. Aliinamisha kichwa akaendelea kupepeta. Nikasema, "Nisamehe," na nikarudi kwenye nazi zangu, na machozi yakawa yananidondokea ndani ya karai. Sikumchukia. Lakini niliumia.

Siku ya harusi walikuja. Walikuja wengi kuliko tulivyotazamia, wanaume wakakaa barazani na chini ya turubai, wanawake wakajaa uani na jikoni. Mjomba wa Fundo alileta changu wachache na pweza wawili aliowapata asubuhi ile, wakatosha sinia za wazee tu. Wengine wote walipata wali wa nazi, mbaazi, na kuku mmoja kugawiwa watu wengi. Nilikuwa napakua huku nimeinama, nisikutane macho na mtu.

Alikuwepo shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika mbali. Aliitazama sahani yake, kisha akatutazama sisi.

"Mie nimesikia nyumba hino ina sanduku linaloweka samaki mwezi mzima," alisema. "Tangu Wete watu wanasimulia makapu yaliyopita njiani. Hao samaki wako wapi? Au wapo, ila si wa kuliwa na sie?"

Upawa wangu ulisimama. Hata waliokuwa wakicheka pembeni waliacha. Nililijua lile swali lilikotoka, na kila mtu alilijua. Mlangoni mume wangu alikuwa amesimama na sinia mikononi, amekuja kuchukua chakula cha wanaume.

Mavyaa aliinuka kutoka mbele ya chungu. Alifuta mikono kwa kanga yake.

"Samaki niliwaharibu mie," alisema. "Nke wa mwanangu hakuwepo, kenda kuzika kwao. Mie nliuzima moto kwa kuogopa, samaki wakayeyuka, nkauwasha tena nkamficha. Akajua. Nkambishia. Nkamla jodari mmoja mbele yake kumkomesha, na karibu nife. Kamuulizeni dresa, alikuja hapa. Huyu binti kachimba shimo kwa mikono yake akawazika wote, ili nyie mje mle muondoke salama. Jana mwanangu kamlaumu, na mie nkanyamaza. Si samaki tuliowanyima, bibi. Ni maradhi."

Shangazi wa bwana harusi alimtazama kwa muda. Sijui alikuwa anapima nini. Kisha akasema, "Jodari anawasha kweli. Mimi aliniwasha mwaka ule nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa pili, nkadhani roho inatoka." Akasogeza sahani yake mbele yangu. "Niongeze mbaazi, mwanangu. Na tui."

Mazungumzo yakarudi polepole. Kila mwanamke pale, ikawa, ana kisa chake cha kibua au cha jodari. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.

Mume wangu alinijia wageni walipokuwa wanaagana. Nilikuwa nasugua sufuria. Alichutama mbele yangu, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya uani mbele za watu.

"Kwa nini hukuniambia ni mama?"

"Ningekwambiaje, bwana? Ni mama yako."

Alichukua sufuria ya pili akaanza kuisugua, vibaya, akimwaga mchanga kila mahali, mpaka nikamnyang'anya.

Harusi ile haikumaliza siasa. Mambo yalikuja kuharibika zaidi, na wapo waliokula mbaazi zile ambao baadaye hawakutupa tena salamu. Lakini hapana aliyesema tuliwalisha sumu, na wifi yangu alikaa na mumewe.

Usiku wa harusi nilimsimulia mume wangu habari za moto wa Fundo, na baada ya wiki mbili alileta fundi. Walijenga kibanda cha mawe pembeni mwa ua, mbali na nyumba, paa la bati, na mlango wa kuzuia upepo. Mavyaa aliuliza, kinajengwa choo kipya? Mume wangu akaendelea kumpa fundi mawe, alikuwa bado hajui jinsi ya kuzungumza naye juu ya yule mdogo wake wa Fundo, ambaye yeye pia alikuwa hajawahi kusikia habari zake. Sanduku lilipokuwa linatolewa sebuleni, mavyaa alitoka akasimama ukutani kuwapisha wabebaji. Kibandani nikaweka bakuli la maji juu ya kifuniko, nikainama kutazama kama limekaa sawa. Niliporudi sebuleni nilimkuta mavyaa amekaa pale lilipokuwa sanduku, amenyoosha miguu.

"Leo ntalala," alisema.